Mchagua Jembe Si Mkulima? Tafakuri Kuhusu Ndege Kuukuu na Milima Yetu

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeichambua darasani mara nyingi, na aghalabu tumeifasiri kwa njia moja: kwamba anayetumia muda wake kulinganisha zana hana nia ya kufanya kazi yenyewe. Katika makala haya ninakusudia kuihoji, si kwa ushahidi wa vitabuni, bali kwa jambo lililotokea katika jamaa yetu, ambalo huenda likaonekana geni katika kurasa za jarida la Kiswahili. Jambo lenyewe ni kuchagua ndege. Sizungumzii ndege mwenye manyoya, wala zile ndege kubwa zinazobeba mamia ya abiria. Nazungumzia ndege ndogo ya injini moja, kuukuu, ya bei inayoweza kufikiwa na watu wa mapato ya wastani, tena ya kurushwa katika nchi ya milima. Katika kazi ya namna hiyo, asiyechagua jembe huenda asilime msimu wa pili.

Kaka yangu ni daktari wa mifugo. Makao yake ni Nanyuki, na wagonjwa wake wametawanyika kote Laikipia na Samburu, mahali ambapo safari ya gari huweza kumeza siku nzima, na daktari afikapo akamkuta ngamia ameshakufa. Alipata leseni ya urubani wa kibinafsi katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, akilipia masomo kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Baada ya kukodi ndege za watu kwa muda, yeye na wenzake wawili waliafikiana kuchanga fedha ili wanunue yao. Fungu la kaka lilitokana na akiba yake pamoja na sehemu ya kiinua mgongo cha marehemu baba.

Hapo ndipo mama alipoingia. Hakukataa, ingawa sote tulijua kuwa hakupenda. Aliweka sharti moja tu. "Karatasi zote za hiyo ndege zisomwe na huyu," alisema akinielekezea kidole. "Miaka yote hii tumemlipia karo ya kusoma. Basi na asome." Ndivyo mwanafunzi wa fasihi, ambaye tasnifu yake inahusu mambo mengine kabisa, alivyojikuta kwenye karakana ya Wilson akiwa na kalamu na daftari.

Mwalimu wangu huko alikuwa fundi mwenye leseni, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa makamo aliyezitengeneza ndege kwa zaidi ya miaka thelathini. Kaka na wenzake walimwomba awe mshauri wao, naye alikubali kwa sharti kwamba mapatano yoyote yaandikwe kwa Kiswahili, ili, kwa maneno yake, asije akatia sahihi jambo ambalo halikumwingia moyoni. Nilimwita Fundi, naye aliniita Mwalimu, kwa mzaha mwanzoni, kisha kwa mazoea.

Somo la kwanza alilonipa halikuhusu injini wala mabawa. Lilihusu hewa. "Mwanangu," aliniambia, "ndege haisomi ramani. Ndege yasoma hewa." Kisha akanieleza. Vitabu vyote vya ndege huanza hesabu zake kutoka usawa wa bahari, katika joto la nyuzi 15 za Selsiasi. Hali hiyo ndiyo wanayoiita hewa sanifu. Mtengenezaji anaposema kuwa ndege yake ina nguvu za farasi 100 na hupaa futi 670 kwa dakika, anasema habari za ufuoni, asubuhi yenye baridi kiasi. Nanyuki iko zaidi ya futi 6,200 juu ya bahari. Kwa kipimo cha hewa sanifu, mahali pa kimo hicho panapaswa kuwa na joto la nyuzi 3 hivi. Lakini saa nane mchana, jua la Laikipia linapowaka, joto hufika nyuzi 25. Kila nyuzi moja inayozidi kipimo huongeza takriban futi 120. Ukijumlisha, utaona kwamba ndege iliyosimama Nanyuki mchana huo hujihisi kana kwamba imesimama karibu futi 9,000 juu ya bahari, ingawa magurudumu yake hayajaondoka ardhini.

Hali hii haina neno moja lililozoeleka katika Kiswahili. Tulipokuwa tukiandika mapatano, nilipendekeza tuiite mwinuko wa hewa, ili kuitofautisha na mwinuko wa ardhi. Fundi aliyatafakari maneno hayo kwa muda, akayakubali. Nitayatumia katika makala haya, na wataalamu wa istilahi wanaweza kunisahihisha.

Madhara ya mwinuko wa hewa ni matatu, na huja kwa pamoja. Kwanza, injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Katika futi 9,000, zaidi ya robo ya nguvu imekwisha potea. Pili, rafadha, au pangaboi kama Fundi alivyoiita, huikamata hewa nyembamba kwa shida, mfano wa kasia linalopiga povu badala ya maji. Tatu, mabawa nayo huhitaji mwendo mkubwa zaidi ndipo yabebe uzito uleule. Matokeo yake ni kwamba njia ya kurukia inayohitajika huwa karibu mara mbili ya ile ya ufuoni, au zaidi, na baada ya kuruka ndege hupaa kwa uvivu.

Nilipokuwa nikisikiliza maelezo hayo, sikuweza kujizuia kufikiria taaluma yetu. Kiswahili sanifu nacho kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya kisiwani, na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Waama, hakuna ubaya katika kuwa na usanifu. Bila kipimo kimoja hatungeweza kulinganisha ndege mbili, wala mwanafunzi wa Kakamega na wa Lamu wasingeweza kufanya mtihani mmoja. Tatizo huanza pale tunaposahau kuwa kipimo si makazi. Hakuna mtu anayeishi katika hewa sanifu. Kila msomaji ana wajibu wa kuufasiri usanifu huo kulingana na mahali aliposimama, na rubani asiyefanya hivyo Nanyuki huadhibiwa upesi kuliko mwanafunzi yeyote.

Baada ya hapo tulianza kuzipima ndege zenyewe. Fundi alinifundisha kigezo rahisi: gawanya uzito wa juu unaoruhusiwa kwa nguvu za farasi, upate kila farasi amebebeshwa kilo ngapi. Kadiri kilo zinavyopungua ndivyo mlima unavyokuwa rafiki, japo kigezo hicho peke yake hakitoshi, kwani umbo la bawa nalo lina neno lake.

Kaka alikuwa ameipenda Cessna 150, ndege ya watu wawili iliyotengenezwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 hadi 1977. Hoja zake zilikuwa na mashiko. Bei yake ni ya chini kuliko nyingine nyingi, vipuri vyake vinapatikana, na kiu yake ni ndogo, lita 22 au 23 za petroli kwa saa. Lakini uzito wake wa juu ni kilo 726 na injini yake ni ya farasi 100, kwa hiyo kila farasi hubeba zaidi ya kilo 7. Isitoshe, wakiingia watu wawili wa miili ya wastani na matangi yakijazwa, hubaki nafasi ya mkoba mdogo tu. Kasha la barafu la chanjo lingekaa wapi?

Cessna 172 ya viti vinne ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Zile za kuanzia mwaka 1968 zilikuwa na injini ya Lycoming ya farasi 150 na uzito wa juu wa kilo 1,043, yaani karibu kilo 7 kwa kila farasi. Kwa hesabu hiyo haikuipita sana ile ya kwanza, ila mtu anaweza kuviacha viti viwili vya nyuma vitupu na kuufanya wepesi huo kuwa nguvu. Piper Cherokee 180, yenye bawa la chini na farasi 180, ilikuwa na kilo 6 hivi kwa farasi. Cessna 182, yenye injini kubwa ya Continental ya farasi 230, ilikuwa na kilo 5.8, lakini hunywa lita 45 hadi 50 kwa saa. Na Piper Super Cub ya farasi 150, ndege ya watu wawili wanaoketi mmoja nyuma ya mwingine, iliwashinda wote kwa kilo 5.3. Hii ndiyo ndege ambayo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini limeitumia kwa muda mrefu kulinda mbuga, kwani hutua mahali ambapo hata mbuzi angesitasita.

Mbona basi tusingenunua Super Cub na kuyamaliza? Kwa sababu ina gurudumu la mkia, na ndege ya namna hiyo hutaka mafunzo ya ziada. Ngozi yake ni kitambaa kinachohitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Tena bei yake haikushuka kwa umri. Sifa zake zimeipandisha hata ikawa ghali kuliko ndege za viti vinne. Mmoja wa wenzake kaka alitaja pia ndege zenye turbo, kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukumia hewa ndani ili nguvu zisipotee. Fundi alitabasamu. "Hiyo yamaliza shida ya mlima," alisema, "ikaanzisha shida ya mfuko." Turbo huongeza joto, na joto hula silinda.

Mjadala mkali ulizuka siku moja pale karakanani kati ya kaka na Fundi kuhusu ile Cessna 150. Kaka alisema kuwa marubani wengi wamefunzwa kwa ndege hiyo hapa hapa Nairobi, na wameruka salama. Fundi hakubisha. Aliomba kipande cha karatasi, akaandika namba mbili. Katika mwinuko wa hewa wa futi 9,000, ndege hiyo ikiwa imejaa, hupaa takriban futi 300 kwa dakika. Tena ni ndege mpya, si kuukuu iliyochoka. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Ya pili ilihusu upepo. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki. Unapoufikia mgongo wa Vilima vya Ngong au wa Nyandarua hupanda, na ukishavuka huporomoka upande wa magharibi kama maji yanayomwagika kutoka juu ya ukuta. Rubani anayerudi Nairobi kutoka Bonde la Ufa huukabili mlima kutoka upande huo hasa, upande wa mporomoko. Hewa inayoshuka kwa futi 500 kwa dakika si jambo la ajabu mahali hapo.

"Toa mia tano katika mia tatu," Fundi alimwambia kaka kwa upole. "Wewe ndiwe daktari, hesabu wazijua."

Kaka alinyamaza. Nami nilifahamu wakati huo kwamba hatukuwa tukizungumzia bei tena. Tulikuwa tukizungumzia iwapo mama angempoteza mwana juu ya kupoteza mume. Mnamo Julai 2003 ndege iliyokodiwa iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Mnamo Juni 2018 nyingine ilianguka katika Nyandarua, wakafa 10. Zote mbili zilikuwa kubwa na zenye nguvu kuliko yoyote katika orodha yetu. Sizitaji ili kuwahukumu marubani wake. Nazitaja kwa sababu mama alizikumbuka zote mbili, mwaka na mwezi, bila kuulizwa.

Cessna 150 ikaondolewa. Macho yote yakageukia 182, na kwa bahati ikapatikana moja ya miaka ya 1970, rangi yake ikimeta, kwa bei iliyotushangaza kwa udogo wake. Hapa sasa ndipo sharti la mama lilipopata maana, kwani nilikabidhiwa vitabu vya kumbukumbu vya ndege hiyo: kimoja cha bodi, kimoja cha injini, kimoja cha rafadha.

Wanafunzi wenzangu, sijawahi kusoma matini yenye uzito kama ile. Kila ukurasa una tarehe, saa za kuruka, kazi iliyofanywa na sahihi ya aliyeifanya. Lugha yake ni kavu, haina sitiari wala takriri za makusudi. Lakini, kama ilivyo katika riwaya nzuri, yaliyonyamaziwa yalisema mengi kuliko yaliyoandikwa. Baada ya mfululizo wa safari za kila wiki, kurasa ziliruka miaka sita bila neno. Kisha zikaendelea kwa wino mpya, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwonyesha Fundi pengo hilo. Aliuliza swali moja: ndege ililala wapi? Jibu lilipatikana katika sahihi zilizotangulia pengo. Ililala pwani, karibu na bahari.

Ndege husumbuliwa na kukaa kuliko kuruka. Injini isiyowashwa huacha mafuta yateremke, chuma kibaki uchi, na unyevu wenye chumvi ukafanya kazi yake. Fundi aliingiza ndani ya silinda kamera ndogo yenye shingo ya nyoka, nasi tukaona vidonda vya kutu kwenye kuta zake. Matangi ya 182 za wakati huo ni mifuko ya mpira iliyowekwa ndani ya mabawa. Ile ya ndege hii ilikuwa imekauka na kujikunja. Mikunjo ya namna hiyo huficha maji, na maji hayo huingia katika injini siku ya safari. Mwisho alitazama ukuta wa chuma unaoitenga injini na chumba cha rubani. Ulikuwa na makunyanzi. Cessna 182 ina pua nzito, na rubani akitua kwa gurudumu la mbele kwanza, ukuta huo hujikunja. Kitabu kilisema kuwa ndege haikuwahi kupata mkasa wowote. Ukuta ulisema vingine. Kati ya shahidi wa karatasi na shahidi wa chuma, Fundi alimwamini wa pili, nami nikaona kuwa uhakiki wa matini bila kuutazama ulimwengu unaozungumziwa ni kazi nusu.

Muuzaji hakupendezwa, na sitamtaja. Rahisi ghali, wahenga walisema, na mara hii sikuwa na sababu ya kubishana nao. Gharama ya kuifufua injini hiyo, kubadilisha matangi na kunyoosha ukuta ingezidi bei ya kuinunua.

Ilichukua miezi mingine saba. Katika muda huo nilijifunza kuwa ndege kuukuu si lazima iwe mbovu, maana umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka pekee. Injini kama Lycoming ya farasi 180 hutarajiwa kwenda saa 2,000 kabla ya kufunguliwa na kujengwa upya, lakini mtengenezaji hushauri pia kwamba isipitishe miaka 12, hata kama saa hizo hazijatimia. Nilijifunza kuwa makosa ya zamani huacha maagizo ya kisheria. Viti vya Cessna, kwa mfano, vimewahi kuteleza nyuma wakati wa kuruka, rubani akavutika pamoja na usukani alioushika na ndege ikainua pua kupita kiasi. Kwa hiyo reli za viti hivyo lazima zikaguliwe kwa vipimo maalumu. Baada ya bawa la Piper moja ya mafunzo kukatika ikiwa hewani huko Florida mwaka 2018, baadhi ya ndege za jamii ya PA-28 ziliagizwa zikaguliwe matundu ya bolti zinazoshika mhimili wa bawa. Kila agizo la namna hiyo linapaswa kuonekana katika kitabu, pamoja na tarehe na sahihi. Lisipoonekana, halikutekelezwa.

Hatimaye ilipatikana Cessna 172 ya miaka ya 1970 ambayo injini yake ya awali ilikuwa imeondolewa, ikawekwa ya farasi 180. Rangi yake ilikuwa imepauka na viti vyake vilikuwa vimechakaa. Kaka aliitazama bila hamu. Lakini uzito wake ulikuwa uleule wa kilo 1,043, na ukigawanya kwa 180 unapata kilo 5.8, sawasawa na 182, huku ikinywa lita 36 hadi 38 kwa saa. Vitabu vyake havikuwa na pengo hata la miezi mitatu. Hati ya kuidhinisha badiliko la injini ilikuwapo, imekunjwa ndani ya bahasha iliyogeuka manjano, na namba zake zililingana na zile zilizochongwa kwenye injini. Nilizisoma namba hizo mara nne, Fundi akinimulikia kwa tochi. Silinda zote nne zilishikilia mgandamizo vizuri. Chujio la mafuta lilipokatwa halikuwa na chembe za chuma. Wakainunua.

Mapatano ya umiliki yaliandikwa kwa Kiswahili, kama Fundi alivyotaka. Ninakiri kuwa kazi hiyo ilinipa furaha kuliko baadhi ya tasnifu ndogo nilizowahi kuwasilisha. Watu hudhani kwamba lugha yetu inafaa kwa mashairi na hotuba, ilhali mambo ya mitambo yaachiwe Kiingereza. Tuligundua kuwa shida haikuwa uhaba wa maneno. Mafundi walikwisha kuyaunda zamani: kabureta, vali, pistoni, pangaboi, tangi. Kilichohitajika ni sentensi ambazo hazingeweza kueleweka kwa njia mbili. Utata, ambao katika ushairi ni johari, katika mapatano ya ndege ni ufa.

Baadhi ya vifungu hivyo vinastahili kusimuliwa hapa kwa muhtasari. Ndege haitaondoka Nanyuki na zaidi ya watu wawili baada ya saa nne asubuhi, kwa kuwa joto huongezeka na mawingu huanza kuukusanyikia Mlima Kenya. Kabla ya kuruka mahali pa juu, rubani atapunguza petroli katika mchanganyiko wa petroli na hewa, ili injini isikabwe na petroli isiyolingana na hewa hafifu. Ikifika katikati ya njia ya kurukia kabla ya kupata asilimia 70 ya kasi ya kupaa, rubani atasimamisha ndege na kurudi. Mgongo wa mlima utavukwa kwa nafasi ya futi 1,000 au zaidi juu yake, na futi 2,000 penye upepo, tena kwa kuukabili kimshazari, ili njia ya kugeuka na kukimbilia bondeni ibaki wazi. Upepo ukizidi kiasi walichokubaliana, hakuna safari, hata kama ngamia anakufa.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichomgusa kaka zaidi, kwa kuwa yeye huishi kwa kuwaokoa hao ngamia. Alitaka kifutwe. Mama, ambaye alikuwa ameketi pembeni muda wote akimenya viazi, aliinua uso. "Ngamia atazaliwa mwingine," alisema. Kifungu kikabaki, na kaka akatia sahihi.

Sasa nirejee kwenye hoja yangu kuhusu methali. Sidai kuwa wahenga walikosea. Wao walimlenga mtu anayechagua jembe ili asilime, na watu wa namna hiyo wangalipo, hata vyuoni, wanaokusanya nadharia mwaka hadi mwaka pasi na kuandika sura moja. Lakini methali, kama namba za kitabu cha ndege, husemwa mahali fulani kwa watu fulani, na msomaji hana budi kuihesabia mwinuko wa mahali alipo. Penye udongo mwepesi, jembe lolote litalima. Penye mlima, hewa nyembamba na fedha za marehemu, kuchagua ni sehemu ya kulima, pengine sehemu kubwa zaidi. Na kuna methali nyingine ambayo marubani wa milimani wangeipokea bila maelezo: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kwa wasomi wenzangu nina ombi dogo. Kandokando ya vyuo vyetu, katika karakana za Wilson, gereji za Kariobangi na zahanati za vijijini, watu husoma na kuandika kila siku matini ambazo maisha yao yanazitegemea. Nyingi ziko katika lugha ambayo baadhi yao huielewa nusu. Tukiwa na ujuzi wa kusoma kwa makini, tuupeleke huko pia, tukae chini ya mafundi tujifunze maneno yao kabla ya kuwapelekea yetu. Fundi bado huniita Mwalimu. Wiki iliyopita alinipigia simu akiniuliza kama nina nafasi Jumamosi. Kuna kijana ameipata Cherokee ya bei nafuu, vitabu vyake vina kurasa mbili zilizochanika, naye angependa nizitazame kabla kijana huyo hajatoa pesa.